Kukomeshwa kwa Malalamiko katika Gazeti la Shime

"Inatangazwa kwa wafanyakazi wa ulimwengu mzima, na hususan kwa wale wa chumba cha wapanga herufi, kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe nne Aprili mwaka 1910, malalamiko yamekomeshwa katika gazeti la Shime."

Ndivyo lilivyoanza tangazo la Ndugu Anshel Perelmuter, Katibu Mkuu wa Uendeshaji. Lilipigwa mihuri miwili, likabandikwa mahali panne katika jengo la gazeti pale barabara ya Ludlow, mjini New York, pamoja na mlango wa choo cha uani, ambako lilipata wasomaji watulivu kuliko kwingine kote.

Sababu zake zilielezwa kwa utaratibu. Shime lilikuwa gazeti la wafanyakazi: mali yao, sauti yao, silaha yao dhidi ya matajiri wa viwanda vya makoti na blauzi. Mfanyakazi wa Shime, kwa hiyo, alikuwa mwajiri wa nafsi yake. Na kwa kuwa haijapata kusikika mtu akajidhulumu mwenyewe, dhuluma ndani ya Shime ilikuwa haiwezekani kisayansi. Yule ambaye hata hivyo angejihisi ana lalamiko aliagizwa aliandike kwa nakala tatu, alipeleke kwa mwenye gazeti, yaani kwake mwenyewe, naye ajijibu kwa maandishi katika muda wa siku kumi na nne.

Ndugu Perelmuter alilisoma tangazo lake mara mbili, akaona ya kuwa ni jema.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu na sauti iliyoweza kufika mpaka viti vya nyuma bila kuchoka. Baba yake alikuwa mtunza sinagogi huko Slonim, mji mdogo wa Urusi. Mwana alikulia kati ya makabati ya magombo ya Torati, akijua ni siku gani kitambaa gani hufunikwa juu ya nini. Alipovuka bahari alitangaza kwamba hana tena dini ila haki. Tangu hapo alikuwa ameandika tahariri juu ya jasho kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mwenyekiti wa kamati saba, mojawapo ikiwa Kamati ya Kupunguza Kamati, ambayo kazi ilipoizidi iligawanywa kuwa mbili.

Mwezi wa Agosti wajamaa wa mataifa yote wangekutana Kopenhageni, na wasomaji wa Shime walikuwa na haki ya kupeleka mjumbe mmoja. Angechaguliwa Jumamosi ya tarehe kumi na sita, katika sherehe ya gazeti kutimiza miaka kumi. Ndugu Perelmuter hakuwa mtu wa kujitafutia makuu. Alikuwa amenunua begi tu, na kofia ya safari.

Sasa ni lazima lisemwe neno juu ya bango.

Jengo la Shime lilikuwa na sehemu tatu. Chini kabisa palikuwa na muuza samaki wa chumvi, na mapipa yake yakijaa mpaka njiani. Juu yake kilikuwa chumba cha wapanga herufi, wanaume wanane na mwanamke mmoja, waliosimama mbele ya masanduku ya herufi zilizosubuliwa kwa madini ya risasi wakizikusanya moja moja kwa vidole na kuzigeuza maneno. Juu yao ilikuwa ofisi ya Katibu Mkuu, yenye dirisha pana na kiti cha ngozi. Wapanga herufi nao walikuwa na dirisha moja. Ila tangu msimu wa majani kupukutika wa mwaka juzi, dirisha hilo lilikuwa limefunikwa kwa nje na bango la mbao, la urefu wa futi kumi na mbili, jekundu, lenye maandishi ya dhahabu yaliyosomeka toka mwisho wa barabara: NURU KWA MFANYAKAZI.

Nyuma ya maandishi hayo taa za gesi ziliwaka saa sita ya mchana. Vumbi la risasi lilipanda, likazunguka, na kwa kukosa pa kutokea likarudi lilikotoka, ambako ni vifuani mwa watu. Aliyekohoa kuliko wote alikuwa Mzee Getsl Braverman, mtu wa miaka hamsini na minane, aliyepanga herufi Vilna, akapanga London, na sasa akipanga hapa. Daktari wa zahanati ya hisani alikuwa amemwambia maneno machache: apate hewa na mwanga, ama aiache kazi hiyo kabla ya majira ya joto. Mzee Getsl hakujua kazi nyingine. Maombi ya kulihamisha bango yalikuwa yamepelekwa mara kumi na moja, na kila mara yalipokelewa kwa moyo wa udugu na kupelekwa mbele.

Hata tangazo jipya lilipotoka, Mzee Getsl alilisoma kwa makini mlangoni mwa choo, akaomba karatasi. Alhamisi alipanda ngazi hadi ofisi ya Katibu Mkuu, akipumzika kila hatua ya tano.

"Nimeleta majibu, Ndugu Katibu," alisema.

"Majibu ya nani?"

"Yangu. Nilijiandikia Jumatatu, jana nikajijibu. Mwenye gazeti amekubali. Kasema bango liondoke."

Ndugu Perelmuter alivaa miwani. Barua ya mfanyakazi ilikuwa ya adabu na yenye hoja. Jibu la mwenye gazeti lilikuwa fupi: *Mpendwa Getsl, una haki. Litoke. Ni mimi, Getsl.*

"Umejikubalia haraka mno, mzee."

"Tunajuana siku nyingi."

Katibu Mkuu hakucheka, kwa maana hakuona pa kuchekea. Alilipeleka jambo hilo mbele ya Kamati ya Kuhakiki Majibu, ambayo ilikaa jioni mbili ikinywa chai ya ndimu, donge la sukari likiwa katikati ya meno. Ilihukumu kwamba mwenye gazeti Braverman amempendelea mfanyakazi Braverman kwa sababu za undugu wa karibu kupita kiasi. Kwamba upendeleo ni tabia ya mabepari. Na kwamba uamuzi huo ni batili. Mzee Getsl alishauriwa, ajapo kulalamika tena, ajibiwe na mtu asiye na uhusiano naye.

Siku ya hukumu Ndugu Perelmuter mwenyewe aliteremka hadi chumba cha wapanga herufi kumfariji. Alisimama mlangoni kwa muda wa kutosha, leso ikiwa puani, akaeleza kwamba macho ya umati wa mitaani yanalihitaji bango hilo kuliko macho ya watu tisa, na kwamba siku moja, chini ya utaratibu mpya wa dunia, madirisha yote yatafunguliwa kwa wakati mmoja. Rokhl Zaks, yule mwanamke mpanga herufi, alimuuliza kama siku hiyo itaangukia kabla ya mwezi Juni, maana Mzee Getsl ana ahadi na daktari. Ndugu Perelmuter akajibu kwamba historia haipangiwi tarehe. Kisha akapanda juu kwenye mwanga, kuimalizia tahariri yake ya sherehe.

Desturi ya Shime ilikuwa kwamba tahariri haichapwi kabla ya kusomwa mbele ya watu. Jambo hili liliitwa Kisomo. Kila Jumamosi adhuhuri wafanyakazi walikusanyika katika ukumbi wa arusi uliokodiwa, wakaketi, wanaume huku na wanawake kule, si kwa kuamriwa bali kwa kuzoea. Jukwaani palikuwa na meza ya mteremko. Maandiko yaliletwa yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa cha mahameli. Watu saba wa heshima waliitwa mmoja mmoja, kwa jina lake na jina la baba yake, wapande kusimama ubavuni mwa msomaji wakati wa fungu lao. Ndugu Perelmuter alisoma akiyumba kidogo mbele na nyuma, kwa sauti iliyopanda mwisho wa kila sentensi na kutua penye nukta. Kamati ya Fikra Huru ilikuwa imetoa hati inayothibitisha kwamba Kisomo hakina uhusiano wowote na ibada yoyote. Hati hiyo ilitundikwa ukutani, upande wa mashariki, ule ule waelekeao wasalio.

Kanuni ya thelathini na moja, iliyotungwa na Ndugu Perelmuter ili asikatizwe, ilisema wazi: tahariri isiyosomwa mpaka nukta ya mwisho haichapwi, na bila tahariri gazeti halitoki.

Jumamosi ile ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Walikuwapo mafundi wa makoti, wapiga pasi wenye mikono iliyobabuka, wasichana wa viwanda vya blauzi waliokuwa wamegoma majira yote ya baridi na ambao hawakutishwa tena na mtu. Ndugu Perelmuter alikuwa amevaa koti jeusi. Tahariri yake ilikuwa juu ya mwanga. Watu watano walikwisha kuitwa na kushuka. Wa sita, mpiga pasi mnene, alikuwa ubavuni mwake, na msomaji alikuwa amefika mahali ambapo giza la karne linakimbia mbele ya neno lililochapwa.

Hapo Mzee Getsl alikuja katikati ya viti akiwa na aproni yake ya kazi. Hakuwa ameitwa. Alipanda ngazi za jukwaa moja moja, akaweka kiganja chake, cheusi kwa risasi, juu ya karatasi.

"Nazuia kusoma," alisema.

Hakulisema kwa nguvu. Lakini katika miji yetu ya kale, sisi Wayahudi, hapakuwa na asiyelijua neno hilo. Kila aliyedhulumiwa, awe mjane au mchukuzi wa maji, alikuwa na haki ya kusimama siku ya Sabato mbele ya gombo la Torati na kulitamka. Na likisha kutamkwa, gombo halisomwi. Tajiri ataketi, rabi ataketi, chakula kitapoa majumbani, mpaka mtu yule asikilizwe na kuahidiwa haki yake. Watu waliomo ukumbini walikuwa wameacha kufunga, wameacha kusali, na wengine walikuwa wamekula nyama ya nguruwe hadharani kwa azimio la tawi la chama. Lakini waliokuwa wamesimama ngazini waliketi pale pale. Mzee mmoja wa safu ya tatu alipapasa kichwani akitafuta kofia ambayo hakuwa ameivaa kwa miaka kumi na mitano.

Naye Ndugu Perelmuter alifanya kama afanyavyo msomaji. Aliyakunja maandiko, akayafunika kwa kitambaa cha mahameli, akanyoosha pindo lake, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa.

Ilipita nusu dakika kabla hajajitambua.

"Ndugu zangu," alisema akijikohoza, "huu ni ushirikina. Mambo haya tuliyaacha Slonim."

Akajibiwa na Mama Tsivye Lifshits, mshona vifungo, aliyeketi mbele upande wa wanawake na mikono yake kifuani.

"Kama uliyaacha Slonim, baba, mbona umefunika karatasi?"

Ndugu Perelmuter alikitazama kitambaa. Alinyoosha mkono akifunue, na mkono haukwenda. Alijaribu tena, kwa hoja za kisayansi, na mkono ukakaa pale pale ulipokuwa, kama mtoto wa mtunza sinagogi aliyekatazwa na baba yake asiguse.

"Basi msemaji aseme," akasema hatimaye.

Mzee Getsl alipumua kwanza. "Mimi si msemaji. Neno mwanga jana nililipanga mara ishirini na tatu, kwa taa ya gesi, saa sita mchana. Halinisumbui, ni neno zuri. Ila dirisha letu lina bango, na daktari kasema ama dirisha ama niache kazi. Nikiacha kazi hii nitakuwa nani? Ndiyo hayo tu."

Akabaki amesimama, kiganja juu ya mahameli.

Ndugu Perelmuter alitoa ahadi ya tume. Ukumbi ulimtazama. Akaongeza kwamba tume itakuwa na mamlaka kamili, wakaendelea kumtazama. Akapendekeza jambo lihamishiwe kikao kijacho, ili Kisomo kiendelee na mjumbe wa Kopenhageni achaguliwe. Hakuna aliyepinga, wala aliyeunga mkono, wala aliyeondoka, kwa kuwa kutoka nje kusoma kukiwa kumezuiwa ni aibu ambayo hata asiyeamini Mungu haithubutu. Wasichana wa blauzi walitoa mkate mweusi na vitunguu, wakagawana. Saa ya kwanza ikapita. Mkuu wa mtambo wa kuchapa alituma ujumbe kuuliza tahariri iko wapi. Saa ya pili ikapita, na yule mpiga pasi mnene, ambaye kwa desturi hakuweza kushuka fungu lake lisipokwisha, aliomba kiti.

"Vema," alisema Ndugu Perelmuter, jasho likimtoka, lisilo la kuandikia tahariri. "Bango litahamishwa."

"Lishushwe," ilisema sauti toka upande wa wapiga pasi.

Hapo damu ilimpanda. Kuzuiwa aliweza kuvumilia, kushushwa, hapana. Alisogea mbele ya jukwaa, na kwa mara ya kwanza siku ile akanena bila karatasi. Aliwauliza ni tangu lini mfanyakazi akaishusha nuru yake. Je, nuru ikae chini, kwenye mapipa ya samaki? Je, tuizike? Wafalme wameijaribu kazi hiyo, wakashindwa. Hapana, nuru haishushwi kamwe, nuru hupandishwa. Ipandishwe juu ya vichwa vya wote, mpaka mahali pa juu kabisa panapoweza kufikiwa na mkono wa mwanadamu.

Ilikuwa hotuba yake bora ya miaka kumi na miwili. Watu walisimama wakapiga makofi. Hata Mzee Getsl alipiga makofi, jambo lililomlazimu kuondoa kiganja mezani. Mama Tsivye aliomba yaandikwe katika kumbukumbu maneno yaleyale ya Ndugu Katibu, pasipo kupunguzwa herufi: bango lipandishwe mpaka juu kabisa. Azimio lilipita kwa kauli moja, Ndugu Perelmuter akiwa wa kwanza kuinua mkono. Tahariri ikasomwa mpaka nukta ya mwisho, na kwa furaha ileile, pasipo mpinzani, Ndugu Perelmuter akachaguliwa kuwa mjumbe wa Kopenhageni.

Jumatatu asubuhi alikuwa katika kiti chake cha ngozi, akiandika shukrani zake kwa wapiga kura, alipoona kiatu dirishani. Kilikuwa cha fundi seremala wa chama, juu ya ngazi. Kikafuata kiatu cha pili, kisha kamba, kisha ukingo mwekundu wa ubao ukipanda taratibu. Ndugu Perelmuter aliinua kalamu. Ukingo ukapita sehemu ya chini ya kioo, ukapita katikati, ukafika juu. Nyundo ziligonga mara kumi na sita. Alisikia mafundi wakisifiana kwamba sasa bango linaonekana mpaka darajani, kisha wakashuka.

Aliketi gizani. Aliwaza kuwasilisha lalamiko, lakini azimio lilikuwa lake, kwa maneno yake, na lilikuwa limekwisha kuchapwa katika ukurasa wa kwanza.

Kabla ya adhuhuri tarishi alileta bahasha ya Kamati ya Maandalizi ya Kopenhageni. Katibu Mkuu aliwasha kiberiti, akaungua kidole, akawasha cha pili. Maandishi yalikuwa madogo. Ndipo aliposhuka ngazi, bahasha mkononi, akabisha mlango wa chumba cha wapanga herufi.

Hakuwa amepata kukiona chumba hicho kwa mwanga wa mchana. Kilikuwa na kuta za rangi ya maziwa, jambo ambalo hata wenye chumba walikuwa wamelisahau. Dirisha lilikuwa wazi, na harufu ya samaki wa chumvi ilipanda toka chini, wao wakiivuta kama watu wanaonusa mkate. Mzee Getsl alikuwa amesogeza sanduku lake la herufi karibu kabisa.

"Naomba mahali penye mwanga," alisema Ndugu Perelmuter. "Kwa dakika chache tu, mzee. Kuna fomu."

Mzee Getsl alisogea, akampisha. Kwa kuwa Katibu Mkuu alikuwa ameisahau miwani yake gizani, Mzee Getsl aliichukua fomu mwenyewe, akapata penseli, na kuijaza kwa niaba yake, akiuliza swali baada ya swali kwa upole wa karani wa kijiji. Jina lilijazwa. Jina la gazeti likajazwa. Alipofika mstari wa tatu alitua.

"Wanasema kila mjumbe awe mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Chama chako kipi, Ndugu Katibu?"

Ndugu Perelmuter alieleza kwamba, kwa namna fulani, yeye ni wa vyama vyote.

"Hapana nafasi ya vyote. Si kitu, waweza kuingia chetu. Rokhl ndiye katibu wetu, yuko hapa hapa. Tutakuandika." Penseli ikashuka mstari mmoja. "Lakini lazima tujaze kazi. Hapa wameandika: kazi aifanyayo kwa mikono yake."

"Andika mwandishi."

"Hilo ni la baada ya kazi, ndugu yangu," alisema Mzee Getsl bila ubaya wowote. "Fayvl yule ni mshairi, vitabu viwili. Rokhl ana tamthilia. Hata mimi nina vitu vyangu kabatini. Hapa wanauliza kazi."

Vidole vya watu wanane vilikuwa vimesimama juu ya herufi. Hawakumdhihaki, walitaka kweli kujua. Ndugu Anshel Perelmuter, mjumbe wa wafanyakazi, aliiinua mikono yake kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama upande wa juu, akaigeuza akaitazama upande wa viganja. Upepo ukaingia ukaipindua ile fomu. Mzee Getsl akaiwekea herufi moja ya risasi juu yake isipeperuke, akalowesha ncha ya penseli ulimini, akaendelea kungoja.